Mizani, Ubao na Salamu

Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani ina dodoso la maswali 25 ambalo limetumika katika nchi nyingi kupima jinsi hali ya macho inavyogusa maisha ya mtu. Linauliza kama unapata tabu kusoma gazeti, kutafuta kitu kwenye rafu iliyojaa, kushuka ngazi gizani, kuchagua nguo za kuvaa. Linauliza habari za kuendesha gari mchana na usiku. Linauliza kama macho yanakuzuia kwenda kutazama sinema, tamthilia au mechi. Lilitungwa kwa makini, baada ya kuwasikiliza wagonjwa wenyewe wakieleza yanayowasumbua, na ndiyo maana linaaminika. Lakini wagonjwa waliosikilizwa walikuwa wa huko huko. Ukimsomea maswali hayo bibi wa Itilima, mkoani Simiyu, ambaye hajawahi kushika usukani wala kuingia ukumbi wa sinema, mengi atakujibu kwamba hayamhusu, na utaondoka kwake hujui lolote kuhusu maisha yake.

Watafiti waliofanya kazi Kongwa, mkoani Dodoma, waliliona tatizo hilo. Kongwa imekuwa kituo cha utafiti wa macho tangu miaka ya 1980 kwa sababu ya trakoma, ule ugonjwa wa vikope unaokwenda na uhaba wa maji. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu wa huko wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, kuona kama macho yao yamechoka kuona vitu vya karibu. Zaidi ya 6 kati ya kila 10 walikuwa na hali hiyo, na wenye miwani walikuwa wachache mno. Hesabu hiyo ni nzito, ila kwangu mimi uzito zaidi uko kwenye maswali yaliyoulizwa. Wazee wa Kongwa waliulizwa habari za kupepeta nafaka, kuchambua mchele, kupalilia, kushona, kupika, kuwavisha watoto nguo, kuwasha taa na kuirekebisha. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba mkulima asiyesoma wala kuandika anayahitaji macho ya karibu kila siku ya maisha yake, wakati ilidhaniwa kuwa hiyo ni shida ya makarani na walimu.

Nimelitafakari jambo hilo kwa muda mrefu, nikijiuliza mtu wa Simiyu angepaswa kuulizwa nini.

Mkoa huu ulizaliwa Machi 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza, makao makuu yakawa Bariadi. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Ya mwaka 2022 ikahesabu 2,140,497. Wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji. Kwa hiyo swali la kwanza lingekuwa la pamba.

Pamba ikishavunwa hutenganishwa, safi huku na fifi kule. Fifi ni ile iliyochafuka, yenye madoa ya njano aliyoyaacha kangambili, yenye vumbi la majani makavu na vipande vya kokwa. Kwa mwenye macho mazima kazi hii ni ya mikono, mdomo ukiendelea na soga. Kwa mama mwenye uoni hafifu ni kazi nyingine kabisa. Macho dhaifu hushindwa mapema kwenye rangi zinazokaribiana. Kitu cheusi juu ya cheupe anaweza kukiona vizuri tu. Doa la njano juu ya weupe, jua la saa sita likipiga na pamba yenyewe ikilirudisha usoni, halioni. Basi anainama mpaka pua inakaribia turubai. Anavuta fungu dogo kivulini, analigeuza, anageuza kichwa pembeni kutafuta upande wa jicho unaofanya kazi. Kisha anaacha kutazama na kuanza kupapasa, kwa sababu fifi iliyoshikamana ni ngumu kidogo kuliko safi, na vidole vyake vimejifunza tofauti hiyo kwa miaka. Yanayomshinda anamwachia mjukuu akirudi shule. Siku ya kuuza, kama fifi imebaki ndani ya safi, mzigo unashushwa daraja au unarudishwa, na nyumbani inasemwa kwamba mama siku hizi amekuwa mzembe.

Hilo la uzembe ndilo linalonikera.

Kitaalamu, kipimo chake kinajulikana. Mtu akisimama mita 6 kutoka kwenye chati akashindwa kusoma kile ambacho mwenye macho mazima anakisoma akiwa mita 18, na hali hiyo ikabaki hata baada ya matibabu na baada ya kuvaa miwani inayomfaa, huyo ana uoni hafifu. Akishuka mpaka kushindwa, akiwa mita 3, kusoma kile ambacho mwingine anakisoma akiwa mita 60, anahesabiwa kuwa asiyeona, ingawa wengi wa kundi hilo nao bado wanaona mwanga na vivuli. Kati ya wenye macho mazima na wasioona kabisa wamo watu wa kila namna. Yupo mwenye presha ya macho iliyomla pembeni na kumwachia tundu dogo katikati: anaweza kutunga uzi kwenye sindano, kisha akainuka na kujikwaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu na mguu wake. Yupo ambaye katikati ya jicho ndipo palipoharibika: anatembea sokoni Bariadi bila fimbo, anakwepa bodaboda, lakini uso wa mtu anayemsalimu haoni ni wa nani. Yupo anayeona vyema asubuhi yenye mawingu na kushindwa kabisa jua likipanda. Yupo anayeona leo kuliko jana, kwa sababu jana alikuwa chumbani na leo yuko barazani.

Watu wa namna hii hawaaminiki. Asiyeona kabisa, jamii imekwisha kumtengea nafasi, hata kama ni nafasi finyu na isiyo ya haki: anashikwa mkono, anapishwa njia, anasomewa barua. Mwenye macho mazima hana haja ya maelezo. Wa katikati akiomba asomewe anaulizwa, "Si nimekuona unahesabu ng'ombe wewe?" Akishindwa kulipa noti sahihi anadhaniwa mjanja. Akikaa nyuma mkutanoni asijue mwenyekiti amemwonyesha kwa kidole, anadhaniwa mkaidi. Ofisa anayeandikisha watu wenye ulemavu akimwona ameingia ofisini kwa miguu yake mwenyewe na kuvuta kiti, anaweza kumpita. Sensa zetu za karibuni zimeanza kuuliza ugumu wa kuona kwa ngazi, kuanzia ugumu kidogo mpaka kutoweza kabisa. Ofisi nyingi bado zinaishi na ngazi mbili.

Tuzungumze juu ya salamu, kwa maana Usukumani salamu si jambo la kupita. Mdogo ndiye anayeanza, mwanamke anapiga goti, jina la ukoo linaulizwa, habari za ng'ombe na za mvua zinafuata. Mtu anayepita kimya karibu na mkubwa wake amemvunjia heshima, na habari itafika nyumbani kabla yake. Sasa mfikirie kijana ambaye uso wa mtu aliye hatua tano mbele yake ni doa lisilo na macho wala mdomo. Anampita baba mdogo wake barabarani pale Somanda. Baba mdogo ananyamaza kumjaribu, kijana naye anapita. Jioni anaitwa: "Siku hizi umekuwa mkubwa, hunioni?" Anasema kweli hakumwona, na jibu hilo hilo linazidisha hasira. Baada ya mara kadhaa anajifunza njia zake. Wapo wanaomsalimu kila anayepita, hata mti. Wapo wanaoacha kwenda mjini siku ya gulio. Wapo wanaojifunza watu kwa mwendo, kwa kikohozi, kwa mlio wa baiskeli, na hao ndio wanaosifiwa kwamba wamepona. Upweke wa aina hii hakuna chati ya hospitali inayoupima. Ukiniuliza mimi ubora wa maisha unaporomokea wapi kwa mtu mwenye uoni hafifu Simiyu, nitaitaja salamu kabla ya kusoma na kabla ya shamba.

Na kuna jambo zito zaidi ambalo mtu anayeandika juu ya macho Usukumani hawezi kulipita. Hapa macho yamewahi kumfanya mtu auawe.

Wakati wa ukoloni mapori ya Usukuma yalifyekwa ili kumfukuza mbung'o, kisha pamba na mifugo vikaimaliza ardhi iliyobaki. Kuni zikawa adimu. Nyumba nyingi zikageukia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, ambayo moshi wake ni mkali. Wanawake waliopika kwa moshi huo kwa miaka arobaini, hamsini, wakazeeka na macho mekundu yenye kutoa machozi, mengi yakiwa yamekwisha kupungukiwa nuru. Na macho mekundu ya bibi kizee yakachukuliwa kuwa ushahidi wa uchawi. Simeon Mesaki, mtafiti aliyelichunguza suala hili kwa undani, alionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao Usukumani na wengi wao wanawake. Mwanamke alipoteza macho kwa kuwapikia watu, kisha akahukumiwa kwa macho hayo hayo na watu aliowapikia.

Nataja mlolongo huu kwa sababu unaonyesha huduma ya macho inaweza kuanzia wapi. Huko Magu, wilaya iliyoitoa Busega kwa mkoa wa Simiyu, shirika la MAPERECE kwa msaada wa HelpAge International liliwatetea wazee na kujenga majiko banifu yasiyojaza nyumba moshi. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati maeneo ya Bariadi, Maswa na Meatu yakiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, uliwarudisha watu kwenye ngitili, zile sehemu za malisho na miti zinazofungwa ili zipumzike. Waliopanda miti hiyo hawakuwa madaktari wa macho. Lakini kuni za karibu na jiko lenye bomba la moshi ni tiba kwa jicho la bibi kuliko matone mengi ya dawa, na mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika wilaya za Simiyu nao ni hivyo hivyo, kwa kuwa vikope hupungua pale watoto wanapopata maji ya kunawa uso.

Kuanzia mwaka 2007 hivi likaja balaa la mauaji ya watu wenye ualbino, Kanda ya Ziwa ikitajwa kila mara. Dunia nzima ilisikia. Mashirika yakaundwa, kesi zikafunguliwa, Umoja wa Mataifa ukaitenga Juni 13 kuwa siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Shule kama Buhangija ya Shinyanga na Mitindo ya Misungwi zikawa kimbilio la watoto waliotenganishwa na wazazi wao ili wabaki hai. Tulizungumza juu ya usalama wao, na ilikuwa lazima. Tukazungumza juu ya ngozi yao. Mjini Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, wakatengeneza losheni ya kuwakinga na jua, na losheni hiyo imeokoa watu na saratani. Macho yao tumeyazungumza kidogo mno. Mtu mwenye ualbino, karibu kila mmoja, ana uoni hafifu. Sehemu ya katikati ya jicho, ile inayotumika kusoma na kutambua sura, haikukamilika tangu tumboni. Mboni huchezacheza bila yeye kutaka. Mwanga unamwingia jichoni kutoka kila upande kwa sababu rangi ya kuuzuia haipo. Mtoto huyo anapokunja uso na kuinamisha kichwa hana kiburi wala huzuni. Anatafuta mahali ambapo macho yake yanatulia.

Mfuate mtoto huyo darasani. Madirisha yako upande mmoja na mlango uko wazi. Nje ni Julai, ardhi ni nyeupe kwa ukavu. Ubao ulipakwa rangi nyeusi zamani, sasa umepauka na kung'aa kwa kufutwa, chaki juu yake ni kijivu juu ya kijivu. Mwalimu amemweka dawati la mbele kwa huruma, lakini ni la mbele karibu na mlango, na mwanga wote wa uwanja unamwingia. Anainuka, anausogelea ubao mpaka karibu auguse, anasoma neno moja, anarudi kuliandika, anainuka tena. Wenzake nyuma wanapiga kelele kwamba anawaziba. Kitabu anakishika sentimita chache kutoka puani, na mtu mzima mwenye nia njema anamkanya kwamba atayaharibu macho. Hayaharibiki. Kukisogeza kitabu ndiyo njia ya asili ya kuyakuza maandishi, na mtoto ameigundua mwenyewe kabla ya daktari yeyote.

Baraza la Mitihani la Tanzania limefanya jambo la haki katika hili. Watahiniwa wenye uoni hafifu hupewa karatasi zenye maandishi yaliyokuzwa, na huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kila mwaka idadi yao inayotangazwa huizidi kwa mbali idadi ya watahiniwa wasioona kabisa. Taasisi ya Elimu nayo huchapa vitabu vya maandishi makubwa. Lakini mtihani wa darasa la saba ni wa siku mbili. Miaka yote kabla ya siku hizo mtoto alisomea ubao ule ule uliopauka, na dakika za nyongeza haziwezi kumrudishia alichokosa kukiona darasa la tatu. Kopo la rangi ya ubao, kofia yenye ukingo mpana inayoruhusiwa hata ndani ya darasa, dawati lililo mbele lakini mbali na mlango, mwalimu anayetamka anachokiandika huku anaandika: hayo hayasubiri bajeti ya wizara. Mwalimu mkuu anaweza kuyaamua Jumatatu asubuhi mstarini.

Yapo mengine yasiyoweza kuamuliwa hivyo. Mtu anahitaji kupimwa na mtaalamu. Kwanza ijulikane kama tatizo linatibika, maana mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji na mtu akarudi shambani, na hakuna sababu ya kumfundisha kuishi na uoni hafifu mtu ambaye angeweza kuona. Kilichopotea kwa presha ya macho hakirudi, lakini ikigunduliwa mapema kilichobaki hulindwa. Kongwa hiyo hiyo ilionyesha kwamba karibu watu 4 katika kila 100 wa miaka 40 na zaidi wanayo, wengi bila kujua. Kisha ipimwe miwani, kwa sababu hata jicho lenye kasoro ya kudumu mara nyingi husaidika kwa kiasi. Baada ya hapo ndipo linapokuja lile ambalo vituo vingi hukomea kabla yake: mtu akae na mhudumu asiye na haraka, ajaribu lenzi za kukuzia za nguvu mbalimbali, ajifunze umbali wa kuzishika, aonyeshwe mahali pa kuweka taa, afundishwe kutumia ule upande wa jicho ulio hai. Aulizwe anataka kufanya nini. Kusoma Biblia au Kurani? Kuchambua dengu? Kuona namba za simu? Lenzi ya kazi moja haifai kwa nyingine. Shirika la Afya Duniani liliziweka lenzi za kukuzia kwenye orodha yake ya mwaka 2016 ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, pamoja na fimbo nyeupe na miwani. Kenya, hospitali ya Kikuyu imekuwa na kliniki ya uoni hafifu inayowapima watoto wa shule, na watoto waliokuwa wakifundishwa nukta nundu kwa vidole huku wakizisoma kwa macho wamerudishwa kwenye maandishi ya kawaida.

Kwa mtu wa Simiyu, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Barabara ya lami kupitia Lamadi na Magu imepunguza adha, nami nashukuru kwa hilo kila nikiipita. Hata hivyo safari haimwishii mgonjwa kwenye kiti cha basi. Anahitaji mtu wa kumsindikiza, maana hataweza kusoma vibao vya korido. Kwa hiyo ni nauli mbili, chakula cha wawili, siku mbili za shamba zilizoachwa. Akifika na kuambiwa kwamba hakuna upasuaji utakaomsaidia, anarudi nyumbani akiwa amesikia jambo moja tu: hakuna la kufanya. Sentensi hiyo ndiyo inayoua. La kufanya lipo, ila halifanyiki kwenye chumba cha upasuaji. Linafanyika nyumbani kwake Nkololo au Mwandoya: kupaka chokaa ukingo wa kizingiti, kumpa sahani nyeupe kwa dagaa na kikombe cheusi kwa uji, kuweka sufuria, chumvi na mafuta ya taa mahali pamoja siku zote na kumkanya kila mtoto asivihamishe. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefundishwa siku chache angeweza kuyafanya haya nyumba kwa nyumba. Ningekuwa na sauti kwenye vikao vya halmashauri, hili ndilo ningeliomba kabla ya mashine yoyote.

Sheria zipo za kutosha kulisimamia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ikafuata mwaka 2010. Katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mwenye uoni hafifu ana haki na fedha hiyo sawa na asiyeona kabisa, na aijue haki hiyo.

Nirudi kwenye fedha yenyewe, maana heshima ya mtu mzima iko hapo. Zamani mwenye uoni hafifu alizijua noti kwa ukubwa na kwa kuzisogeza usoni. Siku hizi fedha iko ndani ya simu. Maandishi ya kitochi ni madogo, menyu inajifunga ikicheleweshwa, na mtu anayesoma polepole huanza upya mpaka anachoka. Anachofanya wengi wetu tunakijua: anampa simu mtoto wa jirani au wakala, na kumtajia namba ya siri. Mama wa miaka 60 aliyelima ekari nne za pamba anaitaja kwa sauti namba ya siri ya fedha zake zote, mbele ya watu waliopanga foleni. Akiibiwa, atajilaumu. Akiwa hajaibiwa, ataishi akijua kwamba anaweza kuibiwa siku yoyote na mtu yule yule anayemhitaji kesho. Simu janja zinazosoma maandishi kwa sauti na kukuza picha zimewafungua wengi, na pale familia inapoweza kununua moja, imnunulie huyo kwanza kabla ya kijana.

Na kabla fedha haijaingia kwenye simu, kuna mizani.

Ushirika wa pamba Usukumani ulizaliwa na malalamiko ya mizani. Wakulima walijua wanapunjwa na wanunuzi, na wengi hawakuweza kusoma kile kilichoandikwa kwenye kipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walijiwekea watu wao wa kusimama kwenye vituo vya kununulia na kuisoma mizani kwa niaba yao. Kutoka kwenye kazi hiyo ndogo ya kuwasomea wenzao kukakua vyama, na mwaka 1955 Paul Bomani na wenzake wakaunda shirikisho la ushirika la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Wale wasomaji hawakuambiwa wanatoa huduma kwa walemavu. Walichokitambua ni kwamba mkulima asiyeweza kuisoma namba ana haki ya kuijua, na haki hiyo inahitaji mtu mwaminifu mwenye sauti.

Leo kwenye chama cha msingi mzigo unapandishwa, namba nyekundu zinawaka kwenye kioo kidogo kilichoelekezwa kwa karani, jua likikipiga hata mwenye macho mazima anakinga mkono. Karani anaandika. Mama anauliza, "Ni ngapi, baba?" na jibu linategemea urefu wa foleni. Mara nyingi karani ni mtu mwema aliyechoka. Lakini mama aliyeinamia turubai lile kwa wiki nzima hapaswi kutegemea wema wa mtu aliyechoka ili ajue amevuna kilo ngapi.

Basi naomba, na ninaomba kwa viongozi wa vyama vya msingi vya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Mizani iwekwe kivulini. Kila uzito utamkwe kwa sauti mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, kwa kila mkulima bila kumuuliza anaona au haoni, ili asiyeona vizuri asilazimike kujieleza mbele ya watu. Namba iandikwe kwa kalamu nene nyeusi kwenye kipande cha karatasi aende nacho nyumbani. Na mkutano mkuu umchague mwanachama mmoja, anayeaminika, kusimama pale kama walivyosimama wale wa miaka ya 1950. Hakuna kati ya hayo linalohitaji mfadhili, na msimu wa kununua pamba hufunguliwa Mei.